Binti Ataka Kuwa Mwuguzi: Achague Chuo Gani?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, furaha huingia katika nyumba nyingi za mtaa wa Kaloleni, mjini Kisumu, na nyuma ya furaha hiyo hufuata shauri zito. Chukua mfano wa nyumba moja, ambayo yaweza kuwa nyumba yoyote mtaani humo. Binti amepata wastani wa B+, na tangu utoto wake husema kwamba atakuwa mwuguzi. Mama yake huuza samaki katika soko la Kibuye, baba yake ni fundi seremala, na ndugu zake watatu wangali shuleni. Kabla ya juma kwisha jirani amekwisha leta karatasi ya chuo fulani yenye picha za rangi. Mjomba naye amepiga simu kutoka Nairobi akisema amjua mtu awezaye kuwapatia nafasi upesi. Katekista ashauri hospitali ya misheni. Wote watatu wana nia njema, lakini mashauri yao hayapatani, na fedha iliyomo nyumbani ni ile ile moja.

Swali ambalo wazazi wengi huuliza kwanza ni hili: karo ni kiasi gani? Ni swali la haki, lakini ni la pili. La kwanza ni kama chuo hicho kimekubaliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Baraza hili linafanya kazi chini ya Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983, na ndilo lenye mamlaka ya kuandikisha kila mwuguzi katika nchi. Mtu asiyeandikishwa nalo hawezi kuajiriwa kuwa mwuguzi na Serikali ya Kaunti, wala na hospitali ya misheni, wala na daktari mwenye zahanati yake binafsi, hata kama amesoma miaka minne na ana hati yenye muhuri mkubwa. Baraza hukagua vyuo, hutazama kama wapo walimu wa kutosha na hospitali ya kufanyia mazoezi, kisha huandika majina ya vyuo vilivyokubaliwa na kuyatangaza kwa watu wote. Orodha hiyo hupatikana bure katika tovuti ya Baraza. Kijana yeyote mwenye simu aweza kumsomea mama yake jina kwa jina.

Hata hivyo kuona jina la chuo katika orodha hakutoshi. Yafaa mzazi aulize chuo kimekubaliwa kufundisha kozi ipi, kwa maana chuo chaweza kuwa na ruhusa ya diploma bila ya kuwa na ruhusa ya digrii. Tena Baraza humpangia kila chuo idadi ya wanafunzi awezao kuwapokea kwa mara moja. Mwanafunzi akiisha kuingia, jina lake hupelekwa kwa Baraza apate namba yake, na pasipo namba hiyo hataruhusiwa kuufanya mtihani wa Baraza mwishoni mwa masomo. Chuo kikipokea watu kupita idadi kiliyopewa, wale waliozidi hukaa darasani pamoja na wenzao, hulipa karo sawa na wenzao, na huvaa sare ile ile, lakini majina yao hayapo mahali panapohusika. Jambo hili huwa halijulikani mpaka mwaka wa pili au wa tatu, wakati ng'ombe amekwisha uzwa. Kwa hiyo mwanafunzi asione haya kudai namba yake katika miezi ya kwanza. Chuo kizuri hakitaudhika kwa kuulizwa.

Baada ya hayo, yafaa kufahamu ngazi za kazi yenyewe. Ziko mbili kubwa zinazomhusu msichana mwenye alama kama za binti huyu. Ya kwanza ni diploma ya uuguzi wa afya ya jamii, ambayo huchukua miaka mitatu. Kwa miaka mingi sharti lake limekuwa wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, pamoja na C katika bayolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, na C- katika hesabu, kemia au fizikia. Ya pili ni digrii ya sayansi ya uuguzi, ambayo huchukua miaka minne, na humtaka mwanafunzi awe na wastani wa C+ na alama nzuri katika bayolojia, kemia, lugha, na hesabu au fizikia. Mwenye digrii hutakiwa kufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kuwa mwuguzi kamili, na katika miaka ya karibuni wengi wamengoja muda mrefu kabla ya kupangiwa hospitali. Malipo ya mwaka huo nayo yalileta ubishi mkubwa mwaka 2024. Mzazi anayehesabu miaka minne ahesabu mitano, na pengine zaidi. Masharti ya alama huweza kubadilishwa, kwa hiyo tangazo la mwaka huo huo ndilo la kusomwa.

Mwenye B+ amepita masharti yote hayo mawili, na hapo ndipo ugumu wake unapoanza. Mwenye C hana la kuchagua. Huyu anayo mawili, na watu humwambia kwamba ni aibu kwa mwenye alama nzuri kusomea diploma. Si aibu. Wauguzi wengi waliomo katika wodi za Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji wa Kisumu wangali wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi, waliingia kazini kwa diploma, na baadhi yao walijiongezea digrii baadaye huku wakipokea mshahara. Njia ya kupanda ngazi iko wazi tangu zamani. Mwaka 2005 shirika la AMREF lilianza pamoja na Baraza la Wauguzi mpango wa kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wenye cheti cha chini ili wafike ngazi ya diploma pasipo kuacha kazi zao, na maelfu walijiandikisha.

Lakini isisemwe pia kwamba digrii ni anasa ya matajiri. Kwa mtoto wa maskini mwenye alama nzuri, digrii katika chuo kikuu cha Serikali yaweza kumgharimu mzazi fedha kidogo kuliko diploma. Watu wengi wa Kaloleni hawaliamini jambo hili mpaka wafanye hesabu.

Mambo ni haya. Nafasi katika vyuo vikuu vya Serikali hugawanywa na idara iitwayo KUCCPS, iliyowekwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Mwanafunzi huandika mwenyewe katika tovuti ya idara hiyo kozi anazozitaka kwa kuzifuatanisha, naye hupimwa kwa alama za masomo yale yanayohusu kozi hiyo, ambazo hesabu yake ya juu ni 48. Uuguzi hutakwa na wengi, na chuo kilicho katika mji mkubwa huwa na ushindani zaidi. Chuo Kikuu cha Maseno, kilichopata kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2001, hufundisha uuguzi, na ni jirani kabisa. Masinde Muliro kilichoko Kakamega, na Chuo Kikuu cha Kisii, navyo hufundisha. Binti ambaye ataka kazi hii kwa moyo wake wote haifai ajaze Nairobi peke yake kisha akae kungoja bahati.

Mwanafunzi aliyepangwa na idara hiyo katika chuo kikuu cha Serikali huweza kuomba msaada. Kwa utaratibu uliotangazwa na Serikali mwaka 2023 na kurekebishwa mwaka 2024, familia ziligawanywa katika mafungu matano kwa kadiri ya mapato yake. Katika fungu la wenye mapato ya chini kabisa, Serikali hutoa asilimia 70 ya gharama ya masomo bure, asilimia 25 huwa mkopo, na familia hutoa asilimia 5. Katika fungu la juu familia hutoa asilimia 40. Tuseme kwa mfano tu kwamba gharama ya mwaka ni shilingi 300,000: familia ya fungu la kwanza itatoa shilingi 15,000, na ile ya fungu la tano itatoa shilingi 120,000. Juu ya hayo huwapo mkopo wa kujikimu, wa shilingi 40,000 hadi 60,000 kwa mwaka. Mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa mwaka 1995, na riba yake imekuwa asilimia 4 kwa mwaka, ambayo hakuna mkopeshaji yeyote wa mjini awezaye kuikaribia.

Utaratibu huo umepingwa mahakamani. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba haupatani na Katiba, na Serikali ikakata rufaa. Basi asiwepo mzazi atakayeshika maneno aliyoambiwa na jirani ambaye mtoto wake aliingia chuoni miaka miwili iliyopita. Aulize habari za mwaka wake. Na wakati wa kujaza maombi, mapato ya nyumba yaandikwe kwa kweli na kwa vitu vya kuonyesha. Wako watoto wa wachuuzi ambao hupangwa katika fungu lisilo lao kwa sababu tu fomu ilijazwa upesi katika duka la kompyuta na mtu asiyewajua, naye akaandika yaliyomjia kichwani. Aliyepangwa vibaya anayo haki ya kuomba shauri lake litazamwe upya, na asikae kimya.

Vyuo vikuu vya binafsi ni habari nyingine. Kisumu yenyewe inacho Chuo Kikuu cha Uzima cha Wakatoliki, ambacho hufundisha uuguzi na udaktari, na wako wanafunzi wanaokaa nyumbani na kusoma hapo. Lakini kwa utaratibu ule wa mwaka 2023, mwanafunzi wa chuo cha binafsi haupati ule msaada wa bure wa Serikali. Aweza kuomba mkopo tu. Mzazi mwenye mshahara wa kila mwezi aweza kulifikiria jambo hilo. Mzazi anayetegemea samaki wa Dunga, ambao leo wapo na kesho hawapo, afikiri mara mbili kabla ya kuanza safari ya miaka minne ambayo kila muhula una tarehe yake ya kulipa. Mwanafunzi aliyefukuzwa karo katika mwaka wa tatu hana digrii wala diploma.

Sasa diploma. Mahali panapojulikana zaidi ni Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC. Asili ya mafunzo hayo ni Nairobi mwaka 1927, na mwaka 1990 Bunge lilikifanya chuo chenye mamlaka yake. Leo kina matawi zaidi ya 70. Katika nchi za ziwani yako matawi Kisumu, Siaya, Bondo, Homa Bay na Migori, na kwa majirani yako Kakamega, Busia na Kisii. Si kila tawi hufundisha kila kozi, kwa hiyo mwombaji atazame kwanza kama uuguzi upo katika tawi alitakalo. Mwaka 2022 nafasi za KMTC nazo zilianza kugawanywa na KUCCPS, wala hakuna mtu wa pembeni mwenye nafasi ya kugawa. Hili limwelekee yule mjomba wa Nairobi na rafiki yake. Chuo chenyewe kimeonya mara nyingi juu ya watu wanaojifanya mawakala, wanaopokea elfu hamsini au zaidi kwa simu na kutoa barua ya kukubaliwa iliyopigwa chapa vizuri. Mzazi hufika langoni siku ya kufungua, na sanduku kichwani, akaambiwa jina la mtoto wake halimo. Karo halali hulipwa kwa njia za Serikali au katika akaunti ya chuo benki. Haipelekwi kamwe kwa namba ya simu ya mtu.

Mwenye B+ akiomba uuguzi KMTC ana matumaini makubwa ya kupata, kwa kuwa anashindana na wengi wenye alama za chini yake. Katika karo, chuo hiki huwa nafuu kuliko vingi vya binafsi, na wanafunzi wake nao huweza kuomba mkopo wa HELB. Lakini ule msaada mkubwa wa bure wa vyuo vikuu haukupangwa kwa ajili yao, na hapo ndipo penye hesabu iliyotajwa juu: diploma ni fupi, lakini sehemu kubwa yake hutoka katika mfuko wa mzazi mwenyewe.

Shauri la katekista nalo lisidharauliwe. Hospitali za misheni zilifundisha wauguzi katika nchi hizi tangu zamani, na baadhi yake zina vyuo hata leo: Maseno ya Waanglikana, Kendu Bay ya Waadventista, Mukumu ya Wakatoliki karibu na Kakamega. Vyuo hivi huwa vidogo, na mwanafunzi hushika kazi ya wodi kwa mikono yake mapema, maana hospitali iko ng'ambo ya uwanja tu. Karo zake hupita za Serikali mara nyingi, ingawa si siku zote, kwa kuwa vingine huhesabu pamoja chakula na malazi. Yafaa kuuliza kama fedha iliyoandikwa ni ya masomo tu au ni ya vyote.

Watu wa Maseno hukumbuka kwamba Grace Ogot, mwandishi wa vitabu ambaye baadaye alikuwa Mbunge, alikuwa mwuguzi kabla ya hayo yote. Alizaliwa Asembo mwaka 1930, akaenda Mengo huko Uganda kujifunza uuguzi mwaka 1949, kisha akaendelea katika hospitali ya St Thomas's, London, na aliporudi alifundisha katika hospitali ya Maseno. Siku zile binti wa Asembo alivuka mpaka kuitafuta kazi hii. Binti wa Kaloleni wa leo ana vyuo kadhaa ndani ya mwendo wa saa mbili kwa matatu, ila ana kazi ya kutofautisha cha kweli na cha uongo, ambayo Grace Ogot hakuwa nayo.

Hapana budi kusema juu ya gharama zisizoandikwa. Karatasi ya karo huonyesha karo. Haionyeshi sare na viatu, wala vitabu, wala ada za Baraza, wala nauli na chumba wakati mwanafunzi anapopelekwa hospitali ya mbali au kijijini kujifunza kazi kwa majuma kadhaa. Na kubwa kuliko zote ni mahali pa kukaa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba chuo kilichoko Kisumu chataka shilingi 120,000 kwa mwaka, na kingine kilichoko mbali chataka 90,000. Wengi wataenda mbali ili kuokoa 30,000. Lakini yule wa Kisumu atalala kwao Kaloleni; nauli na chakula cha mchana kwa siku 200, kwa shilingi 200 kila siku, ni 40,000, na jumla ni 160,000. Wa mbali atakodi chumba cha shilingi 3,500 kwa miezi 10, atakula kwa shilingi 250 kwa siku 280, na atasafiri mara nne kwa 1,500: hizo ni 35,000 na 70,000 na 6,000, na pamoja na karo ni 201,000. Chuo kilichoonekana rahisi kimepita kile cha ghali kwa shilingi 41,000 kila mwaka, na kwa miaka mitatu ni 123,000. Kila nyumba ifanye hesabu hii kwa bei zake.

Juu ya basari, Serikali ya Kaunti hutoa, na makanisa hutoa, na tangu mwaka 2003 wengi wamesaidiwa na mfuko wa maendeleo wa jimbo la Bunge. Mfuko huo nao uliingia mahakamani, na mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba sheria yake hailingani na Katiba. Basi mzazi aulize katika ofisi ya jimbo ni nini kinachotolewa wakati wake. Tena basari yafaa ihesabiwe kuwa kitoweo, isihesabiwe kuwa ugali. Huja kwa kuchelewa, mara nyingi ni elfu chache, na mwaka ufuatao huenda isije.

Na kazi, je, ipo baadaye? Ipo, lakini haimngojei mtu mlangoni. Tangu mwaka 2013 wauguzi wa Serikali huajiriwa na Kaunti, na Kaunti huajiri kwa kadiri ya fedha zake. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulidumu miezi mitano, na chanzo chake kilikuwa malipo. Wako waliohitimu wanaofanya kazi za mkataba mfupi, na wako waliovuka bahari. Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya wauguzi mwezi wa Julai 2021. Mwajiri wa ng'ambo, sawasawa na wa Kisumu, huuliza kwanza namba ya Baraza.

Basi ile nyumba ya Kaloleni ifanyeje? Kwa alama za B+ ni vyema binti ajaze kwanza digrii ya uuguzi katika vyuo vikuu vya Serikali, Maseno ikiwa mbele na vya mikoa ya jirani vikifuata. Asipoipata, ajaze diploma ya KMTC, tawi la Kisumu kwanza. Akipangwa Maseno, wazazi wajaze fomu ya msaada pamoja naye, usiku, mezani, wala wasimwachie mtu wa duka la kompyuta. Akipangwa KMTC aende bila manung'uniko. Chuo cha misheni kiwe akiba, nacho kile chenye picha za rangi kitafutwe kwanza katika orodha ya Baraza. Kikikosekana humo, karatasi yake yafaa kufungia omena.

Kabla ya kulipa senti moja, mama na binti waweza kutembea mpaka lango la hospitali saa wanafunzi wauguzi wanapobadilishana zamu, wakawauliza wawili watatu, kwa salamu na heshima, wanasoma wapi, walipewa namba ya Baraza mwezi gani, na nyumbani kwao wanalipa kiasi gani kwa kweli. Wanafunzi hao hupenda kuulizwa. Na risiti ya kila malipo, hata ya shilingi mia tano, iwekwe katika mfuko mmoja pamoja na barua ya kukubaliwa na nakala za hati ya mtihani, kwa maana siku ya kufungua chuo, karani huuliza karatasi kabla ya kuuliza jina.